Kadi iko mfukoni, kura haipigwi

(Maneno tuliyotoa mbele ya wanafunzi wa vyuo vikuu vya Butembo, Kivu ya Kaskazini)



Tunajua kwamba wengine wenu, mlipoona neno "kura" kwenye tangazo, mlitaka kubaki nyumbani. Asanteni kwa kufika hata hivyo.

Mwaka 2006, katika duru ya kwanza, watu karibu 70 kwa mia ya walioandikishwa walipiga kura katika nchi yetu. Mwaka 2011 walikuwa karibu 59. Mwaka 2018 hawakufika 48, na Desemba 2023 walikuwa karibu 43. Hizo ni hesabu za tume ya uchaguzi yenyewe. Lakini tuzisome kwa uangalifu. Tangu 2005 kadi ya mpiga kura ndiyo imetumika kama kitambulisho cha raia. Unaiomba ili ufungue hesabu benki, ili upite barieri bila kusumbuliwa. Basi mwanafunzi anasimama kwenye mstari tangu alfajiri apate kadi, na siku ya kura anabaki nyumbani kufua nguo.

Tusiharakishe kumwita mvivu. Hapa Butembo na Beni, nani amesahau Desemba 2018? Siku chache tu kabla ya uchaguzi, tuliambiwa kwamba kwetu kura imesogezwa hadi Machi 2019, kwa sababu ya Ebola na ukosefu wa usalama. Makanisa na masoko yalikuwa wazi. Huko Beni raia walijipanga, wakanawa mikono, wakapiga kura yao ya mfano tarehe 30 Desemba. Rais mpya aliapishwa tarehe 24 Januari 2019, miezi miwili kabla ya zamu yetu. Mwaka 2023 ikawa zamu ya ndugu zetu wa Masisi na Rutshuru kukosa kura kwa sababu ya vita. Na kuanzia Mei 2021 jimbo liliwekwa chini ya utawala wa kijeshi, gavana akawa jenerali.

Mwanafunzi mmoja wa sheria alituuliza: "Kura yangu itabadilisha nini?" Hatukuwa na jibu tamu. Na sisi tunaofundisha elimu ya uraia tuna kosa letu. Mwaka 2006 tulizunguka vijijini tukisema kura italeta barabara, shule na amani. Tuliahidi kupita kiasi, na watoto waliotusikia wakati ule ndio ninyi mlioketi hapa.

Lakini tuambieni: msomi akikaa nyumbani, nani anachagua? Anayekuja na chumvi, sabuni na tisheti hahitaji kura nyingi. Watu wachache wakipiga, zawadi chache zinamtosha. Na kijana aliyekata tamaa na kura habaki peke yake siku nyingi. Kuna watu msituni wanaomngoja. Tumezika wengi, hatuna haja ya kuwasimulia.

Pia hatuamini kwamba mmechoka na siasa. Mnapochagua mkubwa wa promosheni, mnajadili mpaka usiku (na mara nyingine mnapigana, tumesikia). Mmechoka na wanasiasa, na hilo ni jambo lingine. Vijana wa Goma walioanzisha LUCHA mwaka 2012 hawakuwa na chama. Walianza kwa kudai maji na kazi.

Kwa hiyo leo hatuwaombi kuahidi kura ya 2028. Tunaomba jambo dogo. Bunge la taifa hufunga kikao cha kawaida tarehe 15 Juni na 15 Desemba, na wabunge wanapaswa kurudi kwa waliowachagua. Andikeni barua, mmoja mmoja kwa jina lake, mkiwaita katika ukumbi huu wajibu maswali yenu. Nakala wekeni mlangoni, pamoja na tarehe mliyoipeleka, ili kila mtu aone nani alijibu na nani alinyamaza. Karatasi na kalamu ziko meza ya nyuma. Tunaweza kuanza ya kwanza sasa hivi.