Bolti Zilizoshika na Zilizokatika: Namna ya Kuzitoa katika Mitambo ya Butere

Bolti hushika kwa kutu, kwa joto, au kwa makosa ya fundi aliyeikaza mara ya mwisho. Butere, katika kaunti ya Kakamega nchini Kenya, ina yote matatu. Mvua ya Kakamega haikai mbali kwa muda mrefu, na trekta na trela za miwa hulala nje mwaka mzima. Chuma kikigeuka kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma chenyewe, na upenyo ulioachwa kati ya nyuzi za bolti na za nati (thredi, kwa lugha ya jua kali) ni mdogo sana. Kutu ikijaa humo, nati hubanwa kama kabari. Vinu vya miwa vya sukari nguru huumia zaidi, kwa kuwa maji ya miwa yana asidi hata yakiwa mabichi, na yakichacha asidi huongezeka. Bolti za fremu ya rola, ambazo hurukiwa na maji hayo kila siku, hushika mapema kuliko za kinu cha posho kilicho chini ya paa lile lile.

Bodaboda ina tatizo la aina yake. Injini yake ni alumini na bolti zake ni chuma, na metali hizo mbili zikikutana na unyevu, alumini huliwa na kuacha unga mweupe unaobana bolti pande zote. Bolti za ekzosi hupikwa na kupoa kila safari hadi uso wake uwe magamba.

Kuhusu mkono wa fundi aliyetangulia, chanzo kikubwa ni kuchanganya vipimo. Reli kutoka Kisumu ilifika Butere mwanzoni mwa miaka ya 1930, enzi ambayo mitambo ya Kiingereza ilitengenezwa kwa nyuzi za Whitworth, kipimo kilichopendekezwa na Joseph Whitworth mwaka 1841. Injini za Lister, zilizoendesha vinu vingi vya posho Afrika Mashariki, ni za ukoo huo. Trekta za Massey Ferguson za miaka ya 1960 zina nyuzi za inchi pia, lakini za mfumo wa pamoja uliokubaliwa na Marekani, Uingereza na Kanada mwaka 1948. Mashine mpya ni za milimita. Bolti ya nusu inchi ya Whitworth ina nyuzi 12 kwa inchi. Ya mfumo wa pamoja ina 13. Zikilazimishwa kuoana huingia mizunguko miwili au mitatu, kisha hulana. Bolti ya namna hiyo haina kutu hata chembe, na mafuta hayataisaidia.

Kwa hiyo kazi huanza kwa kutazama, spana ikiwa bado chini. Je, uzi ni wa kushoto? Nati ya jiwe la kusaga lililo upande wa kushoto wa grainda ya mezani, pedali ya kushoto ya baiskeli na viungo vya mtungi wa asetilini hufunguka kwa kuzungushwa upande ambao bolti za kawaida hukazwa, na kila mwaka kuna nati nzima zinazokatwa bure kwa sababu hiyo. Je, kuna kipini, wosha ya kukunjwa au parafujo ndogo ya pembeni inayozuia? Je, bolti yenyewe ni ile ya kukatika, iliyowekwa kwenye shafti ya trekta ili ivunjike kabla ya giaboksi? Kipande chake kwa kawaida hakijashika kwa kutu; hutolewa kwa panchi na nyundo, na kazi huwa imekwisha.

Kisha husafishwa. Nyuzi zilizo nje ya nati zisuguliwe kwa brashi ya waya hadi ziwe safi, maana nati ikianza kutoka itapita juu ya kutu hiyo hiyo na kushika upya njiani. Mafuta ya kupenya hutiwa baada ya usafi. Yale ya kopo la WD-40, yaliyobuniwa Marekani mwaka 1953, yalikusudiwa kufukuza maji, na kwa bolti iliyoshika sana kuna mafuta mengine yanayopenya vizuri zaidi. Mchanganyiko wa asetoni na mafuta ya giaboksi za otomatiki, nusu kwa nusu, unajulikana kwa kupenya, ila hushika moto upesi. Dizeli inayotumiwa na mafundi wengi hufanya kazi polepole, lakini hufanya. Chochote kitakachotumiwa, kinahitaji saa kadhaa au usiku mzima, na kichwa cha bolti kigongwe kwa nyundo mara kwa mara ili mtikisiko ufungue njia ya mafuta. Mwenye kinu aliye na foleni ya wateja hapendi kuambiwa arudi kesho. Bolti ikikatika, atasubiri zaidi ya hiyo kesho.

Spana iwe ya ringi au ya boksi yenye pembe sita. Spana ya mdomo wazi hushika pembe mbili tu na kuzimenya. Kuhusu paipu inayochomekwa kwenye mpini wa spana, hesabu ni rahisi. Bolti ya M10 ya daraja la 8.8 (namba hiyo huchapwa kichwani) hukazwa kwa nyutoni mita 45 hadi 50 hivi. Mtu anayesukuma kwa uzito wa kilo 30 kwenye paipu ya mita moja huleta karibu nyutoni mita 300. Bolti za ukubwa huo nyingi hazikatwi na kutu; hukatwa na paipu. Njia bora ni kuikaza kidogo kwanza, kuilegeza kidogo, kutia mafuta, na kuirudisha. Ikizunguka robo na kuanza kuwa nzito, irudishwe nusu ya hapo. Mkono husikia tofauti kati ya kutu inayosagika na chuma kinachojinyonga: ya kwanza hulia na kukwaruza, ya pili huteleza kimya kama mpira. Ikifika kwenye ukimya huo, spana iachwe.

Kinachofuata ni moto, nao una nguvu kuliko misuli yoyote. Nati ya milimita 12 ikizidi bolti yake joto kwa nyuzi 200 za selsiasi, tundu lake hupanuka kwa takriban milimita 0.03. Kuna wanaodhani kwamba tundu hupungua chuma kinapopanuka. Sivyo, tundu hukua pamoja na chuma kinacholizunguka. Milimita 0.03 inaonekana si kitu, lakini inatosha kuvunja kutu. Moto uelekezwe kwenye nati na kwa haraka, kabla bolti haijapata joto. Iwapo bolti imezama ndani ya chuma cha kalibu, ipashwe yenyewe hadi iwe nyekundu hafifu, kisha iachwe ipoe. Inapopanuka huponda kutu. Inaposinyaa huacha mwanya. Nta ya mshumaa ikigusishwa hapo ikiwa bado moto hunyonywa hadi ndani ya nyuzi.

Moto una mipaka. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 bila kubadilika rangi kwanza, hivyo injini ya bodaboda ipashwe kwa kiasi kidogo tu. Bolti zilizopakwa zinki hutoa moshi unaoleta homa. Beringi na sili za mpira huharibika. Katika kinu cha posho, vumbi la unga lililotanda hewani linaweza kulipuka. Mashine izimwe, chumba kifagiliwe, vumbi litulie, ndipo moto uwashwe. Kwenye kinu cha sukari nguru, makapi makavu ya miwa yaondolewe, na ndoo ya maji iwe karibu.

Nati iliyokataa yote hayo hupasuliwa. Msumeno wa chuma hukata upande mmoja wa nati hadi karibu na nyuzi, na tindo humaliza. Nati ni shilingi chache.

Bolti ikishakatika, swali la kwanza ni ilikatikaje. Iliyokatwa na mzigo au mtikisiko mashine ikiwa kazini mara nyingi haijashika, na kipande chake hutoka kwa tindo kali inayogongwa pembeni kuelekea upande wa kufungua. Iliyokatika spana ikiwa juu yake imeshika kweli, na jambo hili huamua kila kitu. Kitoa bolti, kile chenye meno ya kushoto kinachopigwa ndani ya tundu, ni chembamba kuliko bolti iliyokwisha kushindwa na mzigo huo huo, na kimetengenezwa kwa chuma kigumu kinachovunjika kama kioo. Kikikatikia ndani, keekee ya kawaida haitakikata. Kwa bolti iliyoshika kwa kutu, kifaa hicho kiachwe dukani.

Kipande kilichochomoza kichomelewe nati. Nati huwekwa juu yake na kuchomelewa kupitia tundu lake, kutoka katikati kwenda nje. Joto la kuchomelea ndilo nusu ya dawa. Ikipoa kidogo, ijaribiwe kwa spana kwenda na kurudi. Nati ya kwanza ikibanduka, ya pili au ya tatu huweza kukubali.

Kipande kilichozama hutobolewa. Kwanza uso wake usawazishwe kwa tupa au jiwe la grainda, kwa sababu keekee hufuata mteremko. Alama ya panchi ipigwe katikati kabisa, ipimwe, na ikikosewa isogezwe kwa kuiinamisha panchi. Hapa ndipo dakika kumi zinapookoa bloku nzima ya injini. Keekee ya milimita 3 hutangulia, kwa mwendo wa polepole na mafuta. Keekee za mzunguko wa kushoto zikipatikana zitumike, kwa kuwa kipande huweza kutoka chenyewe wakati kinatobolewa. Kwa M10, tundu hupanuliwa hatua kwa hatua hadi milimita 8. Ukuta unaobaki ni mwembamba. Huvunjwa ndani kwa tindo ndogo, na nyuzi husafishwa kwa tapi. Tundu la tapi ya M10 ni milimita 8.5, la M8 ni 6.8, la M12 ni 10.2. Nyuzi zikiwa zimeliwa, tundu hupanuliwa kwa bolti ya saizi inayofuata au huwekewa uzi wa koili.

Bolti mpya iwe ya daraja lile lile, na nyuzi zipakwe grisi. Kwenye ekzosi itumike grisi ya shaba, kwa sababu ya kawaida huungua. Yenye grisi hukazwa kwa nguvu pungufu kuliko kavu, maana msuguano hula karibu asilimia 90 ya nguvu ya spana, na ukipungua bolti huvutwa zaidi. Bolti iliyopashwa hadi ikawa nyekundu imepoteza daraja lake, na hairudishwi kwenye mashine hata kama nyuzi zake ni nzima.