Santuri Zilizo Stoo: Tuzisikilize Kabla ya Kuziuza

(Hotuba iliyotolewa bwaloni, siku ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Nimepewa dakika ishirini, tena baada ya pilau, jambo ambalo ni hatari kwa msemaji yeyote. Nitajitahidi nisiwalaze. Kamati imeniomba nizungumze juu ya kukusanya muziki, kwa kuwa wengi wenu mnajua kwamba nyumbani kwangu santuri zimechukua chumba ambacho mama watoto alikikusudia kiwe cha wageni. Lakini sikuja kujisifia kabati langu. Nimekuja kwa sababu alasiri hii mtaulizwa kama zile santuri zilizo katika stoo ya shule ziuzwe au zisiuzwe. Mnunuzi yupo, anatoka ng'ambo, na bei aliyoitaja inatosha kuezeka upya maabara ya kemia. Sitaki kuwaamulia. Nataka tu mtakaponyoosha mikono muwe mnajua mnauza kitu gani.

Kwa faida ya vijana, ambao wengine hawajapata kuishika santuri mkononi, nianze na kitu chenyewe. Santuri ni sahani yenye mfereji mmoja mwembamba kila upande, unaoanzia ukingoni na kuzunguka hadi karibu na katikati. Kuta za mfereji huo zimechongwa mawimbi, na mawimbi hayo ndiyo sauti. Sindano inapopita hutikisika, mtikisiko hugeuzwa umeme, umeme hukuzwa, nanyi mkasikia gitaa. Sahani za mwanzo zilikuwa za shelaki, nzito, zenye kuvunjika kama kigae, na zilizunguka mara 78 kwa dakika. Ni katika sahani za namna hiyo Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, aliimba alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodiwa na HMV. Mwaka 1948 kampuni ya Columbia ya Marekani ikatoa sahani kubwa ya vinaili, inayozunguka mara 33 na theluthi moja, yenye nafasi ya dakika ishirini na zaidi kila upande. Mwaka uliofuata RCA Victor wakatoa ile ndogo ya 45.

Hiyo ndogo ndiyo iliyotawala kwetu. Ilikuwa rahisi kuliko ile kubwa, na klabu yetu ya muziki hapa shuleni iliweza kuinunua kwa senti za wanafunzi. Wazee mliomo humu mnakumbuka dansi za Jumamosi, wasichana wa shule jirani wameletwa kwa lori, na matroni wao amesimama mlangoni mikono kiunoni kama askari wa forodha.

Sasa angalieni jambo moja kuhusu sahani hiyo ndogo. Upande mmoja huchukua dakika nne au tano tu. Bendi zetu hazikuwa na haraka kiasi hicho. Wimbo wa dansi ulianza polepole kwa mashairi na maelezo ya kisa, kisha ndipo ukaingia chemko, magitaa yakajibizana na watu wakaacha viti. Basi wimbo ulikatwa vipande viwili: sehemu ya kwanza upande A, sehemu ya pili upande B. Mtu aliyekuwa akisimamia gramafoni ilimpasa aigeuze sahani upesi kabla wachezaji hawajapoa. Leo ukitafuta nyimbo hizo katika simu, mara nyingi utapata sehemu ya kwanza peke yake. Aliyenakili hakugeuza sahani. Kijana anasikiliza kisa, wimbo unafifia, anadhani ndio mwisho, na anashangaa wazee walikuwa wakicheza nini.

Nitasema kidogo juu ya zilikotoka. Santuri nyingi za bendi za Tanzania zilichapwa Nairobi, kwenye viwanda na kampuni za kutoa muziki. Dar es Salaam kulikuwa na studio ya Redio Tanzania, na bendi ziliingia humo kurekodi kwenye kanda kwa ajili ya matangazo. Kwa hiyo nyimbo nyingi tulizozijua kwa moyo hazikupata kuwa santuri kabisa. Zilikuwa kanda moja tu katika rafu za redio. Kisha mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, na haukufunguliwa hadi 1983. Hayo ndiyo yaliyofanya sahani za miaka ile ziwe chache. Ndiyo maana pia mgeni anapanda ndege kuzifuata. Hakuja kwa huruma.

Na wageni hao, niwape haki yao, wametufanyia kazi ambayo sisi hatukuifanya. Mwaka 1987 John Storm Roberts alitoa santuri ya nyimbo za Tanzania za miaka ya sitini huko Marekani. Kuanzia 2005 kampuni ya Buda Musique ya Ufaransa ilitoa mfululizo wa CD uitwao Zanzibara, wenye taarabu na dansi la pwani, pamoja na vijitabu vinavyoeleza nani aliimba na nani alipiga nini. Mimi ninazo, na ninazisikiliza. Lakini mtu akichagua nyimbo ishirini za kuwauzia wasikilizaji wa Paris, ya ishirini na moja haitoki. Na huenda ya ishirini na moja ndiyo iliyomo stoo yetu.

Kanda za kaseti nitazipita haraka. Philips walizileta mwaka 1963, zikatufaa sana, na kila mji ulikuwa na kibanda cha kunakilia. Kanda hulegea, huliwa na mashine, na unyevu wa pwani huziotesha ukungu. Aliye nazo azinakili mwaka huu, asingoje.

CD ilianza kuuzwa Japani mwezi Oktoba 1982. Ni sahani ya sentimita 12 ambayo haiguswi na sindano. Mwanga wa leza husoma namba zilizoandikwa humo. Sauti hupimwa mara 44,100 kila sekunde, na kila kipimo huandikwa kama namba. Tuliambiwa CD haifi. Hufa. Zile za kiwandani zikitunzwa zinadumu miaka mingi, lakini zile tulizojichomea wenyewe kwenye kompyuta nyingi hazisomeki tena. Baadaye Wajerumani wa Fraunhofer wakabuni namna ya kubana faili kwa kutupa zile sehemu za sauti ambazo sikio halitarajiwi kuzitambua, na mwaka 1995 faili hizo zikapewa jina la MP3. Kwa kusikiliza ndani ya basi zinatosha kabisa. Kwa kuhifadhi hazitoshi, kwa sababu kilichotupwa hakirudi.

Wapo rika langu wanaoapa kwamba santuri ina utamu ambao faili haina. Mimi si mmoja wao. Utamu mwingine ni vumbi na kumbukumbu za ujana. Nakala iliyopigwa vizuri kutoka kwenye santuri safi hunitosha, na ina sifa ambayo sahani haina: yaweza kuwa Mwanza, Mombasa na Maskati kwa wakati mmoja, na nyumba moja ikiungua wimbo haupotei. Ugomvi wangu na faili ni mwingine. Faili nyingi hazina jina.

Katikati ya santuri kuna lebo, karatasi ya mviringo ndogo kuliko kiganja. Humo kuna jina la wimbo, jina la mtunzi, jina la bendi, kampuni, na namba ya sahani. Anayejua kuisoma huitumia kama kalenda. Ikiandikwa NUTA Jazz, hiyo ni bendi ya chama cha wafanyakazi iliyoanza mwaka 1964. Ikiandikwa JUWATA ni bendi ileile baada ya chama kubadilishwa jina. Ikiandikwa OTTU ni baadaye zaidi. Na leo watu wanaiita Msondo Ngoma. Mbaraka Mwinshehe akiwa na Morogoro Jazz ni kabla hajaondoka mwaka 1973. Akiwa na Super Volcano ni baada ya hapo, hadi alipofariki kwa ajali huko Kenya mwezi Januari 1979. Simba Wanyika, iliyoundwa Mombasa mwaka 1971 na ndugu wa Kinyonga kutoka Tanga, siyo Les Wanyika, iliyozaliwa 1978 wanamuziki walipojitenga. Nimekutana na faili zinazowachanganya hao wote katika jina moja, na nyingine zimeandikwa tu "wimbo wa 1". Mpiga gitaa aliyekesha akitafuta ile sauti amefutwa, na mtunzi ambaye watoto wake pengine wanastahili malipo amefutwa pamoja naye.

Nitoe mfano wa jina lililoandikwa. Mwaka 1950 Hugh Tracey alipita katika nchi ya Wakipsigis, magharibi mwa Kenya, akiwa na mashine yake ya kurekodia. Wasichana walimwimbia wimbo uitwao Chemirocha. Jina hilo walilitoa kwa Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Kimarekani ambaye santuri zake zilikuwa zimefika huko, nao wakamfanya kiumbe nusu mtu nusu paa. Tracey aliandika mahali, mwaka, kabila na jina la aliyeongoza wimbo, Chemutoi Ketienya. Kanda zake zikawekwa katika Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika, ambayo leo iko Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Mwaka 2014, miaka sitini na minne baadaye, watu wa maktaba hiyo walirudi na nakala za nyimbo hizo kuwapa Wakipsigis wenyewe. Wasingejua pa kwenda kama kadi zingekuwa tupu.

Sasa turudi stoo kwetu. Kwa ruhusa ya Mwalimu Mkuu nililifungua lile sanduku mwezi uliopita. Nilihesabu santuri 143. Kumi na tisa zimepinda kwa joto la bati, kwa kuwa zililazwa badala ya kusimamishwa. Nyingine zina michirizi ya sindano butu, nasi tunafahamu ni viongozi wa klabu wa miaka gani waliohusika. Sitawataja, mmoja wao ni mgeni rasmi wetu. Zilizo nyingi zitalia vizuri zikioshwa. Na zipo zaidi ya thelathini ambazo sijaziona katika CD yoyote, wala sijazisikia katika faili yoyote, pamoja na utafutaji wangu wa miaka mingi.

Rai yangu ni hii, Ndugu Mwenyekiti. Sipingi kuuza. Watoto hawawezi kufanya majaribio ya kemia chini ya paa linalovuja ili mimi nistarehe na muziki. Lakini hakuna sahani itakayotoka katika lango lile kabla haijanakiliwa, na zile thelathini na kitu zisiuzwe hata kidogo. Gramafoni nzuri yenye sindano mpya ninayo, nitaiazima. Kompyuta ya shule inatosha. Kila sahani ioshwe bila kulowesha lebo, ipigwe pande zote mbili, narudia, pande zote mbili, na ihifadhiwe katika faili isiyobanwa kwa kutupa kitu. Lebo zipigwe picha. Nakala ziwe tatu: moja hapa maktaba, moja kwa katibu wetu mjini, moja mahali pa mbali. Na isiuzwe nakala hata moja. Kumiliki sahani si kumiliki wimbo; wimbo ni wa mtunzi na warithi wake.

Kazi hiyo naomba waifanye vijana wa Kidato cha Tatu wakati wa likizo, nami nitakaa nao. Msidhani mnawafanyia wazee hisani. Nyimbo mnazozirekodi ninyi wenyewe, zile za mashindano ya mabweni, ziko wapi? Ziko katika simu. Simu ikiibiwa stendi, zimekwenda. Yule wa miaka hamsini ijayo atakayetaka kujua mliimba nini hatakuwa hata na sanduku la kufungua.

Liko jambo ambalo kompyuta haiwezi kulifanya, na kwalo nawahitaji wazee, tena leo. Sahani nne zimeliwa lebo na mchwa. Katika mojawapo anaimba mwanamke, sauti nzito, nyuma yake tarumbeta mbili. Nyingine ina mtu anayetaja majina ya wapigaji mmojammoja katikati ya chemko, lakini ameyameza maneno nusu. Mimi nimeshindwa kuzitambua. Waliozicheza humu ndani wapo, nawaona, ingawa kila mwaka viti vya mstari huu wa mbele vinapungua.

Gramafoni iko maktaba, nimekuja na betri yake kwa kuwa umeme wa hapa tunaujua. Mkutano wa kamati ni saa kumi. Tuna saa nzima na robo. Vijana wawili watakaa na daftari na kalamu, na kila atakayetambua sauti atasema jina, naye ataulizwa alilijuaje, na yote yataandikwa. Tutaanza na ile ya tarumbeta.