Kumrusha Mtoto Darasa: Tumpime kwa Mtihani Upi?

Ndugu walimu wakuu, walimu wa taaluma na maafisa elimu kata,

Kila shule zinapokaribia kufungwa, wapo wazazi wanaokuja ofisini na ripoti ya mtoto mkononi: wa kwanza darasani, Hisabati 49 kwa 50. Wanaomba mtoto arushwe darasa. Nasema leo kwamba ripoti ile haitoshi kuwakubalia, wala haitoshi kuwakatalia. Inaonyesha kuwa mtoto ameyamaliza ya darasa lake. Alikofika baada ya hapo haikuonyeshi.

Suala hili lilimshughulisha sana Julian Stanley, mtaalamu wa upimaji katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani. Mwishoni mwa miaka ya 1960 aliambiwa habari za Joseph Bates, mvulana wa Baltimore aliyekuwa amewaacha mbali wenzake katika hisabati. Stanley alimpa SAT, mtihani wanaofanya vijana wa sekondari wanaotaka kuingia chuo kikuu. Bates akafaulu vizuri, na mwaka 1969, akiwa na miaka 13, akaanza masomo Johns Hopkins.

Mwaka 1971 Stanley alianzisha utafiti wa vijana wenye kipaji cha hisabati, na mwaka uliofuata akawapa watoto wengi wa umri wa miaka 12 na 13 mtihani uleule wa wakubwa. Wote walikuwa vinara madarasani kwao. Kwenye mtihani wa juu wakatawanyika: wengine walipata alama za kubahatisha, wengine wakawashinda vijana wa miaka 17. Ukiwapima watoto urefu kwa rula ya sentimita 30, wote wataizidi, na hutajua nani mrefu kuliko mwenzake. Mtihani wa darasa lake mwenyewe ndivyo unavyompima mtoto aliye mbele.

Basi tuchukue mtoto aliyemaliza Darasa la Nne, anayeombewa aingie la Sita. Mpeni mitihani ya kufunga mwaka ya la Tano, masomo yote, kisha someni makosa yake kwa makini kuliko jumla ya alama. Huenda akapata 42 katika Hisabati na 19 katika Kiingereza. Mtoto huyo anahitaji Hisabati ya la Sita. Masomo mengine aendelee na wenzake.

Njia hii ya somo moja moja ndiyo ningependa ipewe nafasi ya kwanza. Terence Tao wa Adelaide, Australia, alikuwa akisoma hisabati ya sekondari akiwa na umri wa miaka minane hivi, huku masomo mengine akiyafuata kwa mwendo wa chini zaidi. Mwaka 1988, mwaka aliotimiza miaka 13, alipata medali ya dhahabu ya Olimpiadi ya Kimataifa ya Hisabati. Mwaka 2006 akatunukiwa Medali ya Fields, moja ya tuzo kubwa za hisabati. Kwetu kinachohitajika ni ratiba tu: kipindi cha Hisabati cha la Tano na cha la Sita vikipangwa saa moja, mtoto anabeba daftari lake anavuka mlango.

Na sababu za kwetu za kutanguliza njia hii zipo. Darasa la Nne lina upimaji wa kitaifa, hivyo si darasa la kurukwa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, inaifanya elimu ya msingi kuwa ya miaka sita, kwa hiyo atakayeruka la Tano ataangukia moja kwa moja katika mwaka wa mwisho, akiwa na mapengo yake.

Wapo wanaohofia kwamba mtoto ataonewa na wakubwa. Ripoti ya Chuo Kikuu cha Iowa ya 2004, iliyokusanya tafiti za miaka mingi, ilionyesha kuwa waliorushwa kwa kawaida hufanya vizuri kimasomo na hawadhuriki kijamii. Lakini hao walikuwa wamechaguliwa kwa uangalifu. Matokeo yao hayamkingi mtoto aliyerushwa ili mzazi aokoe ada ya mwaka mmoja. Mwongozo uliotoka hukohuko Iowa unazuia kumrusha mtoto asiyetaka mwenyewe, na kumpeleka katika darasa aliko kaka au dada yake. Haya mawili tuyachukue bila kupunguza neno, hasa la pili. Kaka atakayekuwa nyuma ya mdogo wake katika darasa moja naye ni mwanafunzi wetu.

Linaloniumiza zaidi ni mtoto ambaye hakuna wa kumwombea. Yuko katika darasa la watoto 90, amemaliza zoezi dakika ya kumi, na tunampa kazi ya kuandika majina ya wapiga kelele. Mwaka baada ya mwaka anazoea kutojitahidi. Mama yake yuko shambani, hajui kwamba jambo hili linaweza kuombwa. Tukisubiri maombi ya wazazi, tutawahudumia wanaojua mlango wa ofisi tu.

Kwa hiyo napendekeza shule yenyewe ianze. Mwalimu wa taaluma abakize nakala chache za mitihani ya kila darasa, na kabla ya kufunga mwaka, watoto watano wa juu wa darasa lililo chini yake wazifanye. Mwalimu wa darasa, mwalimu wa somo, mzazi na mtoto mwenyewe wakae na karatasi hizo mezani, wakubaliane kuhusu muhula wa kwanza tu. Machi waziangalie tena.