Sahihi Iliyo Juu ya Noti
Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Kabla hatujaanza, mwalimu wenu ataandika maneno matatu ubaoni: sahihi, gavana, thamani. Yasomeni pamoja naye kwa sauti. Vema. Sasa tuendelee.

Wengi wenu mlipoanza masomo haya mlikuwa mkitia kidole gumba katika wino. Leo mnaandika majina yenu wenyewe. Nanyi mmekwisha kujua kwamba kuandika jina chini ya karatasi si mchezo. Ukitia sahihi chini ya hati ya deni, umekubali kulipa. Huwezi kusema kesho, "Sikujua."

Basi, aliye na noti mfukoni au katika pindo la kanga, na aitoe aitazame. Ataona maneno Benki Kuu ya Tanzania, ataona tarakimu, na ataona sahihi mbili. Moja ni ya Waziri wa Fedha. Ya pili ni ya Gavana wa Benki Kuu. Noti yenyewe ni karatasi tu, hailiki wala haivaliki. Mwenye duka anakupimia sukari kwa karatasi hiyo kwa sababu anaamini kwamba kesho na yeye atapewa kitu kwa karatasi ile ile. Kazi ya gavana ni kuilinda imani hiyo.

Leo nitawasimulieni habari za mtu wa kwanza kuandika sahihi ya gavana juu ya noti za Tanzania. Jina lake Edwin Mtei.

Bwana Mtei alizaliwa mwaka 1932 huko Marangu, katika mteremko wa mlima Kilimanjaro, nchi ya migomba na kahawa. Utotoni alichunga mbuzi. Alipokuwa mzee aliandika kitabu juu ya maisha yake kwa Kiingereza, na jina la kitabu hicho maana yake ni "Kutoka uchungaji wa mbuzi hadi ugavana". Alisoma mpaka akafika Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, akamaliza mwaka 1957. Baadaye akaingia katika kazi ya serikali, na baada ya Uhuru akapanda mpaka akawa Katibu Mkuu wa Hazina.

Zamani hizo Tanzania haikuwa na fedha yake yenyewe. Tangu mwaka 1919 fedha za Kenya, Uganda na Tanganyika zilitolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki. Kwa miaka mingi Bodi hiyo ilikuwa na makao yake London. Ili itoe shilingi, ilibidi kwanza paundi za Kiingereza ziwekwe akiba huko Uingereza. Ilikuwa kama mtu mwenye ghala, lakini ufunguo uko kwa jirani.

Mwaka 1965 nchi tatu hizi ziliamua kwamba kila moja itakuwa na benki kuu yake. Tarehe 14 Juni, 1966, Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa Dar es Salaam, na Bwana Mtei akawa gavana. Alikuwa bado hajatimiza miaka 34. Watanzania waliojua kazi ya benki kuu walikuwa wachache sana. Zilitolewa noti za shilingi 5, 10, 20 na 100. Sarafu nazo zilikuwa na picha ambazo hata asiyejua kusoma aliweza kuzitambua: senti 5 ilikuwa na samaki, senti 20 ilikuwa na mbuni, thumni ilikuwa na sungura, na shilingi ilikuwa na mkono ulioshika mwenge. Fedha ya zamani ilibadilishwa shilingi kwa shilingi, mtu asipate hasara.

Jaribio halikukawia. Mwezi Novemba 1967 Uingereza ilishusha thamani ya paundi yake. Zamani shilingi yetu ingeshuka pamoja nayo bila sisi kuulizwa. Safari hii Tanzania haikufuata. Paundi iliyokuwa ikibadilishwa kwa shilingi 20 ikawa sasa inabadilishwa kwa shilingi 17 na senti chache. Ufunguo wa ghala ulikuwa umerudi nyumbani.

Bwana Mtei alikuwa gavana mpaka mwaka 1974. Kisha akawa Katibu Mkuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, huko Arusha. Jumuiya hiyo ilivunjika mwaka 1977. Mwaka huo huo Rais Julius Nyerere akamfanya Waziri wa Fedha. Sikilizeni vizuri sasa, maana hapa ndipo penye uzito wa habari yetu.

Miaka ile ilikuwa migumu. Mwishoni mwa mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera, na vita vilivyofuata vilikula fedha nyingi. Mwaka 1979 bei ya mafuta ya petroli duniani ilipanda sana. Akiba ya fedha za kigeni ilikuwa ikiisha, nazo ndizo za kununulia mafuta, dawa na vipuri. Serikali ikazungumza na Shirika la Fedha la Kimataifa ili ipate mkopo. Shirika likatoa masharti, na moja lilikuwa kushusha thamani ya shilingi.

Maana yake nini? Chukueni mfano mwepesi. Mkulima ameuza nje kahawa ya dola 10. Kama dola moja ni shilingi 8, atapata shilingi 80. Kama dola moja ni shilingi 12, atapata shilingi 120. Mkulima atafurahi. Lakini dawa iliyotoka nje kwa dola 10 nayo itapanda kutoka shilingi 80 mpaka shilingi 120. Mgonjwa hatafurahi. Na mara nyingine mkulima na mgonjwa ni mtu mmoja.

Bwana Mtei aliona kwamba shilingi imeandikiwa thamani kubwa kuliko ile iliyo nayo kweli, na kwamba ni afadhali kukubali ukweli huo na kupatana na Shirika. Mwalimu Nyerere alikataa. Kwa maoni yake, mkopeshaji wa nje hakuwa na haki ya kuichagulia nchi siasa yake, na mzigo wa bei ungewaangukia maskini. Wote wawili waliipenda nchi. Wote wawili walikuwa na hoja.

Waziri alikuwa na njia mbili. Angeweza kunyamaza na kubaki katika cheo, akitia sahihi mambo asiyoyaamini. Au angeweza kuondoka. Mwaka 1979 Bwana Mtei alijiuzulu.

Alirudi shambani kulima kahawa. Kuanzia mwaka 1982 alikuwa Washington, Marekani, akiwakilisha nchi kadhaa za Afrika katika baraza la Shirika lile lile la Fedha. Na mwaka 1992, vyama vingi viliporuhusiwa tena, alikuwa mwanzilishi na mwenyekiti wa kwanza wa chama cha CHADEMA.

Na shilingi je? Mwaka 1986, wakati wa Rais Ali Hassan Mwinyi, serikali ilipatana na Shirika, na thamani ya shilingi ikashushwa sana. Bidhaa zilizidi kuonekana madukani, na bei zilizidi kupanda. Kwa hiyo hata leo watu hubishana: nani aliona mbali zaidi? Sitawajibu. Jadilianeni wenyewe.

Lakini jambo moja nataka mlichukue nyumbani. Anayeandika jina lake juu ya fedha ya watu hana budi kuwaambia wakubwa ukweli kama anavyouona, hata kama utamgharimu kiti. Sahihi ya mtu asiyeamini anachokiandika haina nguvu kuliko kidole gumba cha mtu aliyelazimishwa. Nanyi mnapojifunza kuandika majina yenu, jifunzeni pia kuuliza kwanza: "Karatasi hii inasema nini, nami naikubali?"

Kwaherini, mpaka somo lijalo.

Maneno ya kujifunza

Sahihi: jina aliloandika mtu kwa mkono wake kuonyesha kwamba amekubali.
Gavana: hapa, mkuu wa benki kuu.
Thamani: kiasi cha vitu ambavyo fedha inaweza kununua.
Fedha za kigeni: fedha za nchi nyingine, kama dola na paundi.
Kujiuzulu: kuacha cheo kwa hiari.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini mwenye duka hukubali kupokea noti, nayo ni karatasi tu?
2. Thamani ya shilingi ikishuka, nani katika kijiji chenu atapata faida, na nani atapata hasara?
3. Kama ungekuwa Waziri mwaka 1979, ungefanya nini? Andika sentensi mbili, kisha utie sahihi yako chini.