Chanjo ya Saratani ya Shingo ya Kizazi: Mazungumzo kwa Wajumbe wa Vyama vya Msingi

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu wajumbe wa vyama vya msingi kutoka Musoma, Bunda na Butiama,

Nimepewa dakika chache kabla ya ajenda ya pembejeo, nami nitaanza na neno ambalo wengi wenu mmelisikia penye mizani ya pamba: kwamba sindano wanayochomwa binti zetu shuleni hufunga kizazi. Si kweli. Ndani ya chanjo hiyo hamna kirusi kizima. Mna mfano wa gamba lake tupu, lisiloweza kuzaana wala kuleta ugonjwa, ambalo huufundisha mwili kumtambua adui kabla hajafika. Kinachowapotezea wanawake kizazi ni saratani yenyewe, pamoja na upasuaji na mionzi ya kuitibu.

Saratani hiyo ndiyo inayoongoza miongoni mwa saratani za wanawake nchini. Karibu yote huletwa na virusi viitwavyo HPV, viambukizwavyo kwa kujamiiana. Aina mbili tu, ya 16 na ya 18, husababisha kama asilimia 70. Virusi hivyo huleta pia saratani za koo, mkundu na uume, kwa hiyo sisi wanaume tusidhani tumeketi pembeni.

Kwa nini achanjwe mtoto? Mkulima wa Bunda analijua jibu. Dawa hunyunyizwa kabla funza hajaingia ndani ya kitumba. Chanjo hii nayo haikitoi kirusi kilichokwisha kuingia.

Serikali ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018, dozi mbili, kwa wasichana wa miaka 14. Aprili 2024 ikahamia dozi moja, kwa wa miaka 9 hadi 14. Wapo waliosema tunapunjwa. La hasha! Sehemu ya ushahidi wa dozi moja ilipatikana kwa jirani zetu wa Mwanza, katika utafiti ulioanza mwaka 2017 kwa wasichana 930. Shirika la Afya Duniani likaikubali Desemba 2022.

Mama zao nao wakapimwe, hasa wenye miaka 30 hadi 50, na wanaoishi na VVU mapema zaidi. Mabadiliko ya awali hutibika kabla hayajawa saratani. Anayesubiri mpaka aone damu hujiandalia safari ya Bugando au Ocean Road, na nauli yake mnaijua.

Naomba kila katibu amwalike muuguzi wa zahanati katika mkutano wa wanachama ujao, na binti aliyekosa chanjo apelekwe kabla hajatimiza miaka 15. Sasa nitapokea maswali, nikianza na wazee walioniambia pale nje kwamba hawakubali.