Kopi za Ngoswe

Kwa miaka mingi mtihani wa Kiswahili wa kidato cha nne umebeba kitu ambacho watu wazima tunakipita tu. Kwenye swali la fasihi, Baraza la Mitihani la Tanzania huchapa orodha ya vitabu. Watoto wa Mama N'tilie, E. Mbogo. Joka la Mdimu, A. J. Safari. Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe, E. Semzaba. Kando ya kila kimoja, kwenye mabano, herufi za mchapishaji. Yaani dola yenyewe inamtaja mwandishi kwa jina, mbele ya kila mtahiniwa wa nchi hii.

Sasa ingia kwenye darasa lililofundishwa vitabu hivyo. Mwalimu ana kitabu kimoja, tena mara nyingi amekinunua kwa fedha yake. Wanafunzi wana kopi. Chukua moja uitazame: kurasa mbili kwenye karatasi moja, pini mbili ubavuni, jalada hakuna. Herufi za ndani, karibu na mshono wa kitabu, zimemezwa na kivuli. Mistari aliyopiga mwalimu kwa kalamu chini ya misamiati migumu imenakiliwa pamoja na maandishi, basi kidato kizima kina mistari ileile. Na ukurasa wenye ilani ya hakimiliki haumo kabisa, kwa sababu hakuna mtoto atakayelipia karatasi isiyo na jibu la mtihani.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 haikumkaba mwalimu kama wengi wanavyodhani. Inamruhusu kunukuu. Inamruhusu kuchukua sehemu ya kazi ya mtu na kuitumia kama mfano wa kufundishia, mradi amtaje mwenye kazi na asizidishe. Kutoa kopi ya tamthiliya nzima na kuwauzia wanafunzi ni jambo jingine. Edwin Semzaba alifariki mwaka 2016, na sheria inailinda kazi ya mwandishi kwa miaka 50 baada ya kifo chake. Ngoswe ina wenyewe hadi mwaka 2066.

Tukisikia neno msako wa kopi hizi, macho yetu yote humgeukia kijana wa steshenari anayezitoa. Mashine yake ichukuliwe, alipe faini. Lakini kijana yule kazi ameletewa. Imeletwa na shule, pengine na kiranja wa darasa aliyetumwa na mwalimu huku michango ya wenzake ikiwa mkononi. Ukimkamata yeye ukaiacha ofisi iliyomtuma, kesho kutwa kiranja atavuka barabara kwenda steshenari ya pili.

Nisimwonee mkuu wa shule. Ruzuku ya uendeshaji kwa mwanafunzi wa sekondari ilipangwa kuwa shilingi 25,000 kwa mwaka. Humo humo kuna chaki, umeme, mitihani ya ndani na kitasa kilichovunjika. Riwaya ya kila mtoto inatoka wapi? Watoto wa Mama N'tilie inasimulia watoto wanaokatishwa masomo kwa kukosa ada. Inauma kwamba wanaoisoma leo nao wanashindwa kuinunua.

Kuna na hili la simu. Taasisi ya Elimu Tanzania imeviweka vitabu vyake vya kiada kwenye maktaba mtandao, visomwe bure, na imefanya vyema sana. Ila walimu wengi wamezoea hivyo, wakaiona kila PDF inayorushwa kwenye kundi la WhatsApp la somo kuwa ni mali ya umma. Kitabu cha Taasisi kimegharamiwa na kodi kabla hakijafika mtandaoni. Mwandishi wa riwaya hakugharamiwa na mtu. Alikesha kwa mafuta yake, na anachotegemea ni sehemu ndogo ya bei ya kila nakala iliyouzwa dukani.

Jirani zetu Kenya wana KOPIKEN, chama kinachotoa leseni ya kutoa kopi, kisha fedha zake hugawanywa kwa waandishi na wachapishaji. Hapa kwetu ningependa leseni ya namna hiyo ilipwe na halmashauri kwa shule zake zote, kwa mkupuo, mkuu wa shule asiachiwe mzigo huo peke yake. Na Baraza likishakitaja kitabu kwenye mtihani, bajeti ya elimu ikinunue, angalau kitabu kimoja kwa dawati.

Mpaka hapo, tunao wadhibiti ubora wa shule. Wakifika hukagua azimio la kazi, andalio la somo, daftari za wanafunzi, hata usafi wa vyoo. Waongeze swali moja tu kwa mkuu wa shule, na jibu lake liandikwe kwenye ripoti inayokwenda kwa mkurugenzi: vitabu vya fasihi wanavyosomea watoto hawa vimenunuliwa wapi, na risiti iko wapi?