Neno Moja, Kazi Mbili
Vitabu vingi vya sarufi ya Kiingereza hutaja aina 8 za maneno: nomino, kitenzi, kivumishi na nyinginezo. Ugumu hauko kwenye idadi. Ugumu ni kwamba sisi wazungumzaji wa Kiswahili tumezoea viambishi. Ukisikia "anapika", papo hapo unajua ni kitenzi. Kiingereza mara nyingi hakikupi alama hiyo. Chukua neno "water". Katika "drink water" ni nomino, yaani maji. Katika "water the garden" ni kitenzi: mwagilia bustani. Herufi ni zilezile, kazi ni nyingine kabisa! Kwa hiyo angalia neno limekaa wapi, ndipo utaje aina yake. Jioni hii, mkalishe mwanao, mchague sentensi moja ya Kiingereza, na mliulize kila neno: hapa unafanya kazi gani?